Ginsi tulilala usiku mbili kando ya Kivu na batoto, na mazuku, ile hewa ya kuua, haikutupata

Batoto nilibaahidiaga tangu Pasaka, kusema vakansi kubwa ikifika tutaenda kulala mu hema kando ya ziwa. Ilikuwa 2018. Mawazo ya kwanza ilikuwa Tchegera, kale kasiwa ka Parki ya Virunga, lakini parki ilishafungia watalii tangu mwezi wa tano, na hata ingekuwa wazi, bei yake tungelipa ya batu batano halafu minervali ya masomo ya batoto ya mwezi wa tisa ingetoka wapi? Basi tukapata konsesyo moja, shamba ya mikaratusi, upande wa Bulengo, ku njia ya Sake, kilometa karibu 10 toka mjini Goma. Mwenye nayo alikuwa anaacha familia zinapiga hema chini ya miti, ulikuwa unalipa kitu ya dola tano ao kumi, ilitegemea na ginsi munasikilizana, na kulikuwa muzee moja zamu mwenye alikuwa analinda usiku.

Sasa, ile yenye inanifanya niandike: kuna mwenzangu mumoja wa kazi alinipatia mashauri mbili, kwa roho nzuri kabisa, na zote mbili zingetuua. Ya kwanza, nipige hema mu kashimo karibu na maji, pahali upepo hauingii. Ya pili, baridi ikizidi niingize mbabula ya makala mu hema. Nilisikiliza yote na nikasema aksanti. Ya mbabula nilikataa palepale mu roho, juu kila mwaka tunasikiaga batu benye balilala na makala ndani ya nyumba na habakuamuka. Lakini ile ya kashimo, naungama, niliiona kama akili.

Iliniingia sababu ya misumari ya hema. Hema tulinunua Birere, kartye ya biashara mu Goma, ya mutumba, dola kitu kama 40 na mufuko wake, safi, zipu zote zinatembea. Nikajaribu kuisimamisha ku parsele, kiwanja ya nyumba yetu, kwanza. Sisi tunaishi juu ya mawe yenye volkano yetu Nyiragongo ilimwaga 2002, kila mutu wa Goma anajua vile udongo wetu uko: unapiga musumari, unapinda. Unapiga mwengine, unapinda. Nilipinda sita kwa saa moja, jirani amesimama ku lupango anaangalia, na ule wa saba nikaukamata na pensi ndio ukaingia kidole kimoja tu, kamba kuvutwa kidogo, ukaruka. Nikalala na kasirani ile siku. Basi mutu akiniambia kuko kashimo yenye udongo laini, unafikiri nitakataa?

Tulipakiza vitu ku chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo: matela (magodoro) mbili, sufuria, makala, bidoni tatu za maji ya kunywa yenye tulishachemusha, unga, sombe (majani ya muhogo) yenye ilikuwa imeshatwangwa, sisi tukapanda pikipiki. Tulifika saa nane. Miti ni mirefu, chini majani makavu inanukia ile harufu ya karatusi, na ziwa inaonekana kati ya miti, na ngambo milima. Kashimo kenyewe kalikuwa palepale mwenzangu alisema, hatua kumi toka ku maji, majani mafupi, upepo hakuna. Musumari wa kwanza uliingia sawa kisu mu siagi. Wa pili pia. Nilifurahi kweli.

Ni mama ya batoto njo aliona. Alisimama ku mukingo, hakushuka, ananiambia: "Papa ya batoto, mbona apa hakuna hata nzige?" Nikaangalia. Majani ya chini kabisa ilikuwa ya manjano, kumbe pembeni pote ni ya kijani. Kulikuwa mujusi mumoja amekauka, na ndege kadogo, mabawa yake nzima, hakuna nyama yenye ilikagusa. Niliita batoto batoke mbio.

Muzee zamu alikuwa amekwenda kuchota maji, akarudi akatukuta tumesimama. Anasema: "Papa, apo hapana. Apo ni mazuku. Mutoke mwende juu, jioni nitawaonyesha."

Kwa benye habajui, mazuku ni hewa ya volkano, gazi karbonike, inatoka mu mipasuko ya udongo. Ni nzito kuliko hewa yetu, kwa hiyo inashuka na kujaa mu mashimo sawa maji, haina rangi, haina harufu ya kukuamsha. Mchana jua na upepo vinaisambaza, ndiyo maana mimi nilisimama mule saa nane na sikusikia kitu. Usiku, baridi ikiingia na upepo ukilala, inajaa. Mutu mukubwa mwenye amesimama pua yake iko juu, anaweza kuvuka na asijue. Mutoto, ao mbuzi, ao mutu yeyote mwenye amelala ku matela, pua iko mulemule ndani. Upande wetu, Bulengo, Mugunga, Keshero mpaka Himbi, iko mahali mingi.

Saa kumi na mbili na nusu muzee akaleta kopo ya maziwa, akaweka mushumaa ndani, akafunga na kamba ku muti murefu sawa ule wa kuvulia samaki. Akatupanga juu ya mukingo, upande wenye upepo unatokea, akasema mutu asiinamie. Akawasha, akashusha polepole. Mushumaa ulikuwa unawaka muzuri, ukafika sawa magoti ya mutu, moto ukalala, ukakuwa mudogo, ukazima. Pap. Sawa umeuchovya mu maji, na hakuna upepo. Akauvuta juu, akawasha tena, akashusha, ukazimia palepale. Mara tatu! Batoto bangu batatu, benye habanyamazaga hata kanisani, hakuna mwenye alisema neno. Halafu muzee akaniambia kitu yenye niliweka kichwani: mushumaa ukizima, ni mazuku, kimbia, lakini ukiwaka isikudanganye, juu hii hewa inaweza kuangusha mutu na moto ungali unawaka. Lala juu, pahali upepo unapita, basi.

Tulikuwa tumeshapandisha hema hatua 50 juu, kati ya mikaratusi, na ule ulikuwa vita ya misumari tena, juu kule udongo ni kidogo na chini ni mawe. Apa njo niko na kiburi. Nilikuwa nimekuja na magunia manane ya muchele, ya kilo 25, matupu, nilifikiria tu kuyatandika chini ya matela. Nikaambia batoto bajaze changarawe nyeusi ya volkano, iko kila pahali. Tukafunga midomo, tukafunga kila kamba ya hema ku gunia moja, na magunia mawili ndani ku pembe za upande wa ziwa. Upepo wa jioni ulikuja na nguvu yake yote, shitingi (turubai) ya juu inapiga kelele, hema haikusogea hata kidole. Misumari ile yote nilirudisha mu mufuko. Ukiwa Goma, usipoteze pesa ya kununua misumari mingine, nunua magunia.

Baridi iko, usidanganyike kwamba ni ikweta, Kivu iko mita karibu 1,460 juu ya bahari na mwezi wa munane usiku unauma. Mbabula ilibaki inje, mbali na mulango. Tulichemusha maji, tukajaza mu kabidoni ka lita tano, tukafunga na kitenge, tukaweka kati ya batoto. Balilala mpaka saa moja ya asubuhi.

Mimi sikulala sana. Nyiragongo ilikuwa imefanya mawingu mekundu upande wa mji, na mu ziwa taa za bavuvi ba sambaza, vile visamaki vidogo, mitumbwi tatu tatu imefungwa pamoja, banaimba banapiga kasia. Mama ya batoto alitoka tukakaa juu ya gunia moja mpaka taa zikaenda mbali.

Ku kurudi, magunia tulimuachia muzee. Tulipoenda tena Pasaka yenye ilifuata tuliyakuta manane yote yamejaa, yamepangwa kando ya nyumba yake, na ku mukingo wa kale kashimo alikuwa amezungushia kamba.