Ninavyokagua nyumba kabla ya kuulizia bei

Nyumba ya kuuzwa Dar es Salaam huwa naenda kuitazama asubuhi, na nikiweza, siku inayofuata mvua kubwa ya masika. Kiangazi kila nyumba inapendeza. Jua la asubuhi nalo hupiga ukuta kwa pembeni, viraka vya lipu vikajionyesha.

Naanzia nje, macho chini, karibu na ardhi. Rangi iliyovimba na kuacha unga mweupe ni unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi ukibeba chumvi. Huku pwani hutokea sana, hasa bloku zikiwa zimefyatuliwa kwa mchanga wa chumvi, au fundi hakutandika nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Ninachokiogopa zaidi ni rangi mpya iliyopigwa sehemu ya chini tu, au ukuta mmoja wa chumba kimoja. Hapo nagonga kwa sarafu: lipu iliyoshika hulia kwa ukavu, iliyoachia hutoa sauti ya uwazi. Kupaka rangi tena hakusaidii. Itabidi lipu ibanduliwe mpaka kwenye bloku, na chanzo cha unyevu kizibwe kwanza.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa, ni za lipu iliyokauka haraka. Hizo naziacha. Ufa wa kutisha hutoka kwenye kona ya dirisha au mlango kwa mshazari, mpana upande mmoja, na huonekana ndani na nje mahali palepale. Mara nyingi msingi umetitia upande mmoja. Ukiwa mpana kiasi cha kuingiza sarafu, siendelei bila mhandisi. Natazama pia ukingo wa juu wa milango: ukikuta mbao imepigwa randa karibuni, nyeupe, haina vanishi, basi fremu imepinda na mtu amelazimisha mlango ufunge.

Chini ya slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, na kwenye nguzo natafuta ufa mnyoofu wenye madoa ya kutu. Nondo ikishika kutu huvimba na kulisukuma zege mpaka libanduke.

Kwenye dari napanda na tochi na bisibisi. Naichoma kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, sehemu kadhaa, hasa inapokalia ukuta. Bisibisi ikizama bila nguvu, mchwa wameshakula ndani hata kama uso wa mbao ni mzima.

Vyoo vyote navuta maji kwa pamoja. Maji yakishuka polepole huku yakitoa mapovu, bomba limeziba au shimo limejaa.

Majirani nawauliza bila dalali kuwepo: mvua zikizidi, maji hufika wapi?

Nyaraka sipokei kwa nakala. Nachukua namba ya hati na kufanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, nione jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki. Muuzaji mwenye ndoa lazima aje na ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi. Nyumba ikiwa kando ya barabara kuu au ya mkoa, nafungua futi kamba mwenyewe: Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kando ya mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka nyumba iwe mita 60 kutoka ukingoni.