Tulivyopata fedha za dharura za wakulima kwa shamba letu dogo Kentucky

Korona ilipofunga makanisa hapa Lexington mwaka 2020, biashara yetu ilisimama. Lengalenga, ngaingai na matembele tulikuwa tukiuza Jumapili baada ya ibada, na mzigo mkubwa ulikwenda kwenye harusi. Harusi zikaahirishwa, mboga zikakomaa shambani mpaka zikatoa mbegu.

Wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na mpango wa kuwalipa wakulima walioathiriwa na korona, uliojulikana kama CFAP. Awamu ya pili, iliyofunguliwa Septemba 2020, ndiyo iliyotufaa, kwa sababu mboga na matunda vilihesabiwa kwa mauzo ya mwaka 2019. Kwa mauzo yasiyofika dola 50,000, mkulima alilipwa asilimia 10.6 ya mauzo hayo. Aliyeuza mboga za dola 6,000 alipata dola 636. Wengi wa ndugu zetu walidhani fedha hizi ni za wenye matrekta na mamia ya ekari, wakakaa kimya. Hilo liliniuma sana.

Ofisi za kilimo za kaunti zilikuwa hazipokei wageni, kwa hiyo nilipiga simu. Nakushauri jambo hili la kwanza: omba mkalimani wa Kiswahili, wakati ule ilikuwa haki ya mkulima bila malipo. Waliniuliza kama shamba lina namba kwao. Halikuwa nayo, basi wakalisajili kwa mkataba wetu wa kukodi. Hali yetu ya uhamiaji nayo iliulizwa. Kadi ya ukaazi wa kudumu ilitosha, si lazima uwe raia. Fomu nyingine zilihusu kipato, ardhi oevu na akaunti ya benki, nazo hazikusumbua.

Kazi kubwa ilikuwa hesabu ya mauzo, na hapo daftari la mke wangu lilituokoa. Kila Jumapili aliandika kwa kalamu ya bluu: lengalenga mafungu mangapi, bei gani, nani amelipa na nani ana deni. Tulikaa mezani tukapitia ukurasa kwa ukurasa. Pilipili ya kusaga ya kwenye chupa tuliikata, maana mazao yaliyosindikwa hayakuhesabiwa. Ndizi tulizonunua kwa jumla na kuuza tena tulizikata pia, kwani hatukuzilima sisi. Ilituuma kuona jumla ikipungua, lakini unatia sahihi kwamba hesabu ni ya kweli, na wanaweza kuja kukagua. Daftari lile tumelihifadhi.

Shemeji yangu alianza kulima mwaka huohuo wa 2020. Aliogopa kwamba hana mauzo ya nyuma, kumbe mkulima mpya aliruhusiwa kutumia mauzo ya 2020 hadi siku ya kuomba. Naye akalipwa.

Fedha ziliingia benki moja kwa moja. Tulilipa kodi ya shamba na kununua mipira ya kumwagilia kwa matone. Kumbuka tu kwamba ni mapato: karatasi ya kodi ya mapato, 1099-G, inakuja mwanzoni mwa mwaka, usiitupe.

CFAP imekwisha, ila namba ya shamba bado ni yetu. Ndiyo tunayotumia sasa kuomba NAP, kinga ya mazao yasiyo na bima ya kawaida. Kwa mkulima anayeanza, ada ya kujiunga kwa kiwango cha msingi inasamehewa. Uliza mapema, kabla ya kupanda.