Pangani, Mto wa Kilimanjaro Unapoishia

Ukitaka kwenda Pangani na kurudi Tanga siku hiyo hiyo, panda gari la kwanza la asubuhi na ukae upande wa kushoto. Huko ndiko bahari inakochungulia kati ya minazi. Safari hii nilikwenda na wifi yangu, mke wa kaka, mzaliwa wa Moshi. Maji ya mlima ameyanywa tangu utotoni, lakini hajapata kuona yanakoishia, na mimi nilikuwa nimemwahidi siku nyingi.

Barabara hii niliijua ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Sasa inajengwa kwa lami, ikiwa sehemu ya barabara ya pwani ya kilometa 256 itakayounganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga. Ukitoka mjini hupiti mbali kabla ya kufika Machui. Kitongoji cha Vibambani ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na mimi kila nikipita hapo humsomea Fatiha kimoyomoyo. Mbele kidogo ni Tongoni, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Maji ya mbele yake ndiyo yenye fungu ambako Vasco da Gama aliichoma meli yake moja, São Rafael, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuziendesha zote. Kisha Kigombe na dagaa wake juani, kisha mashamba ya mkonge, mistari na mistari, mpaka unachoka kutazama.

Tulishuka Pangani na njaa. Mama mmoja alikuwa na sufuria ya mbaazi za nazi na beseni la maandazi ya moto, tukakaa kwenye benchi lake tukala bila kuongea. Mbaazi za Pangani ni nzito. Tui la kwanza halipunjwi, na wala haishangazi kwa wilaya yenye minazi kiasi kile.

Kutoka pale hadi mtoni ni mwendo mfupi. Wifi alivua kandambili akaingiza miguu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mbele, mlangoni mwa mto, ulionekana waziwazi mstari yanapokutana na ya bahari.

"Wifi, haya ndiyo maji ya kwetu?" aliniuliza. "Mbona kwetu yanatoka unaona hadi changarawe?"

Ndiyo hayo. Mto Kikuletwa unayakusanya ya Meru na Kilimanjaro, mto Ruvu unaleta mengine ya Kilimanjaro, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanateremka kupita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani Falls, ndipo yanafika hapa. Ni safari ya kilometa kama 500. Njiani yamenyweshea miwa, mpunga na vitunguu, na kila shamba limeyapa udongo wake. Alinisikiliza, akachota kidogo kwa kiganja, akayamwaga. "Pole yake," alisema.

Mto huu ndio ulioupa mji kazi. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilifuata bonde lake kutoka bara, na kingo zake zilikuwa na mashamba ya miwa. Abushiri bin Salim alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika pwani, mtu wao hapa alikuwa Emil von Zelewski, aliyeishusha bendera ya Sultani wa Zanzibar na ambaye askari wake waliingia msikitini na mbwa. Watu wa Pangani hawakukubali, na vita vikaenea pwani ya Mrima nzima. Abushiri, aliyeviongoza, alinyongwa papa hapa Pangani Desemba 1889. Zelewski, aliyeitwa Nyundo, aliuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo mwaka 1891. Wanafunzi wengi wanaijua habari ya Lugalo. Nisingependa ikatwe kichwa chake, maana kichwa kiko huku.

Tulizunguka mji kwa miguu. Boma ni lile la Mwarabu wa Omani, la mwaka 1810 kwa maelezo ya wenyeji, na milango yake ya nakshi bado inamsimamisha mpita njia. Wazee husimulia kwamba chini ya nguzo zake walifukiwa watumwa wakiwa hai. Wifi alipolisikia hilo hakutaka kuliegemea tena. Katika mitaa ya nyuma zipo nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi, zenye roshani za mbao, na hapo ndipo moyo wangu huuma kila nikija. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Bati likitoboka, mvua inaingia kwenye boriti, boriti inaoza, sakafu inaanguka, na ukuta uliokosa wa kuushika unaanza kumomonyoka wenyewe. Kuziba bati mapema ni kazi ya fundi mmoja. Kusimamisha ukuta ulioanguka hakuna anayeweza kwa hela ya kawaida. Nyumba nilizozijua na paa sasa zina mipapai ndani.

Kwa nini mji huu ulibaki nyuma? Mimi naulaumu mwaka 1893. Mwaka huo Wajerumani walianza kujenga reli, wakaianzia Tanga. Kufikia 1911 reli ilikuwa Moshi, na mizigo iliyokuwa ikishuka na bonde ikapanda treni. Mwaka 1893 huo huo pia Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto huu huu. Kwa hiyo utajiri uliojenga mji wa Tanga ulichipua Pangani, na njia ya kuubeba ikapita kwingine. Mimi ni mtu wa Tanga, na nalisema hilo nikijua nani alifaidi.

Adhuhuri tulikwenda kwenye kivuko kinachovusha watu na magari hadi Bweni. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnavuka au mnatazama?"

"Tunavuka."

"Basi vukeni, hakingoji mtu hicho."

Tulimuuliza habari za daraja linalojengwa, la zaidi ya mita 500. Nilidhani atalalamika. Alisema mgonjwa akizidiwa usiku Bweni, au mama akishikwa na uchungu, mto unakuwa mpana kuliko bahari, na yeye anayajua majina ya waliongojea. Mimi nakipenda kivuko, nampenda yule kijana anayevuka na baiskeli yenye madafu pande zote mbili na mama anayesogeza kikapu ili mgeni apate pa kusimama. Lakini baada ya maneno yale sina hoja.

Ng'ambo tulikula wali wa nazi na changu wa kukaanga, tukanywa dafu, tukapanda mlima wa Bweni kidogo ili wifi auone mji wote: mabati yenye kutu, minara ya misikiti, na mstari wa maji mawili umesogea ndani zaidi kwa sababu bahari ilikuwa inajaa. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyopanga. Kisiwa cha Maziwe hatukukigusa. Kile kinataka siku yake, tena yenye maji kupwa, maana maji yakijaa fungu lote la mchanga linafunikwa.

Gari la kurudi lilikuwa na magunia ya nazi hadi kwenye njia ya kupita. Kabla hatujafika Tongoni wifi alishampigia kaka simu kumwambia kwamba likizo ya Desemba watoto wanaletwa Pangani, na kwamba watalala kule, si kwenda na kurudi.