Kabla ya madawati, mchukueni mwalimu wa fizikia mkae naye kazini

Hapa Kigoma hazikosekani kampuni na taasisi za kwenda shuleni na bango, tisheti na madawati, wanapiga picha na mkuu wa shule, afisa elimu anashukuru, wanapanda gari wanaondoka. Sisemi madawati mabaya, kuna watoto wamekaa chini miaka na miaka. Ila ukishatoa hotuba ya "someni sayansi mtakuwa mainjinia" kwa mtoto wa Kibirizi ambae hajawahi kumuona injinia anashinda anafanya nini, umemwachia nini hapo?

Mi sio mwalimu, kazi yangu ni umeme wa mota na pampu. Naandika haya kwa sababu ya mwalimu mmoja wa fizikia aliyeomba kukaa na sisi saiti likizo ya mwezi wa sita. Bosi alikubali shingo upande, alijua jamaa anatafuta posho. Tukampa ovaroli na buti, tukamwambia usiguse kitu mpaka uambiwe.

Sasa tuko kwenye nyumba ya pampu, mota inaunguruma, akainama kusoma kile kibati cha ubavuni: 7.5 kW, volti 400, ampea 15, na ile pawa fakta (sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli) 0.85. Akatoa simu akaanza kupiga hesabu palepale, kipeuo cha pili cha 3 mara volti mara ampea mara 0.85, ikaja kama 8.8 kW. Akaniangalia, mbona kibati kinasema 7.5? Nikamwambia hiyo 8.8 ndo inayoingia kutoka kwenye laini, 7.5 ndo inayotoka kwenye shafti kwenda kwenye pampu. Na ile nyingine iko wapi? Nikamwambia sogeza kiganja karibu na bodi. Moto! Ndo hiyo, nyingine inaliwa na feni ya nyuma na msuguano wa beringi. Gawanya 7.5 kwa 8.8 unapata asilimia 85 hivi, ufanisi wa mashine huo, kitu ambacho yule bwana kakifundisha miaka, tena vizuri tu, lakini kwa kapi na mteremko wa kwenye kitabu.

Na wala sio kosa lake. Katoka sekondari kaenda chuo, katoka chuo karudi sekondari, nani angemuonyesha? Halafu waajiri ndo tunalalamika vijana wanakuja na cheti hawajui kushika testa. Ziara ya wanafunzi sio mbaya, watazunguka, watakunywa soda, watarudi, mmoja wawili watakumbuka kitu. Lakini mwalimu ukikaa naye wiki moja ya maana anarudi darasani na mifano ya kufundishia mpaka astaafu.

Na mkoa wetu mifano imejaa. Mtoto wa kidato cha pili anajua iodini ikikutana na wanga inageuka bluu nyeusi, kafanya na kipande cha muhogo, ila nani kamwambia kwamba chumvi kama ya pale Uvinza inapimwa madini joto, yaani iodini, kwa njia hiyohiyo, unadondoshea dawa yenye wanga unaangalia rangi? Watu wa utafiti wa samaki, TAFIRI, wako hapahapa mjini na ziwa lao. Meli ya Liemba je? Imetengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa hapa, 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, 1924 Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kubeba watu. Alafu somo la kuelea na kuzama tunalifundisha kwa kuchora boksi ndani ya bika.

Najua mtasema hela hamna, mwenye wafanyakazi kuanzia 10 anakatwa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, tayari na inauma. Hapa sidai hela. Nadai masaa ya fundi, na zile mota zilizoungua, kontakta (swichi za kuwashia mota) na mita za zamani zinazojaa vumbi stoo, kwani zikifutwa kwenye vitabu vya mali si mnauza skrepa? Ipeni shule, waifungue waone waya umezungushwaje. Na mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, tangu 2024, hao walimu watatolea wapi vitendo kama mageti yenu yamefungwa?

Kingine, mkimtuma mtu shuleni, kama mna fundi wa kike mtumeni yeye, mabinti wanamuuliza maswali ambayo sisi hatuulizwi.

Utaratibu sio mgumu. Barua ipitie kwa mkuu wa shule, usalama kazini mumfundishe mwalimu siku ya kwanza kabla hajaona hata swichi, na iwe mwezi wa sita au Desemba, sio karibu na mitihani ya taifa. Nauli ya bajaji mlipieni, mshahara wa ualimu mnaujua.