Kumtafutia Punje Daktari Ugenini

Nilipompata Punje, mbwa jike mdogo wa miezi 6, nilikuwa na mwaka mmoja tu katika nchi ya watu, na sikudhani kwamba kumtafutia daktari kungenisumbua kuliko nilivyosumbuka kujitafutia wangu. Nilianza na kliniki iliyokuwa jirani, bila sababu nyingine ila ujirani huo. Daktari alimtazama mezani, akakisia kwa macho kwamba ana kilo 3, akaniandikia dawa ya minyoo, na mara tukawa nje. Nyumbani nilipanda mizani nikiwa nimembeba, kisha nikapanda peke yangu: tofauti ilikuwa kilo 2.4.

Dawa nyingi za mbwa hupimwa kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo Punje alikuwa ameandikiwa robo zaidi ya kipimo chake. Dawa ile haikumdhuru, lakini nilijiuliza ingekuwaje kama ingekuwa dawa ya maumivu, ambayo ikizidi huweza kuharibu tumbo na figo. Kwa mbwa wa kilo 30, kosa la gramu 600 si kitu. Kwa Punje ni robo ya mwili mzima. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninaloliangalia kwa daktari ni kama anampima mnyama kabla ya kuandika chochote.

Daktari wa pili alikuwa mama wa makamo, naye aliketi sakafuni akamwacha Punje amwendee mwenyewe. Baada ya kumpima aliinua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba, akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona: chonge mbili za utotoni zilikuwa bado zimesimama kando ya chonge mpya. Mbwa huwa na meno 28 ya utotoni na 42 ya ukubwani, na kwa mbwa wadogo mara nyingi ya zamani hukataa kung'oka, chakula kikajibana katikati na fizi zikaanza kuoza mapema. Aliyapapasa pia magoti yake, maana kwa mbwa wa umbo hili kilegesambwa, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, huhama mahali pake kwa urahisi, kisha akanishauri niache kumfunga kamba shingoni nitumie mkanda wa kifuani, ili koo la hewa lisibanwe.

Lugha ya wenyeji ilikuwa bado inanipiga chenga, hasa maneno ya tiba, na nilimwambia hivyo waziwazi. Alichukua karatasi akachora taya, akaandika kila neno gumu ili nikalitafute kwa utulivu. Naamini mgeni ana haki ya kuomba jambo hili bila kuona haya, kwa sababu ridhaa ya upasuaji haina maana iwapo anayeitia sahihi hakuelewa.

Tulikubaliana meno hayo yang'olewe siku ileile ya kumfunga kizazi, ili apewe nusukaputi mara moja tu. Nilimuuliza ni nani atakayemwangalia akiwa amelala, na atatunzwaje asipoe, kwa kuwa mwili mdogo hupoteza joto upesi. Alijibu kwamba msaidizi mmoja hatakuwa na kazi nyingine ila kufuatilia pumzi, mapigo ya moyo na joto lake. Nilimuuliza pia tukipatwa na dharura usiku twende wapi, akanielekeza hospitali ya wanyama isiyofungwa, nami jioni hiyo nikaenda mpaka mlangoni pake ili niijue njia. Makadirio ya gharama alinipa kwa maandishi.

Siku ya upasuaji nilimkuta Punje ameshaamka, amefunikwa blanketi lenye joto. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa, juu kabisa, palikuwa pameandikwa uzito wake wa asubuhi hiyo: kilo 2.6.