Siku moja maishani mwangu: nahodha wa boti ya wageni wanane

Ratiba ya safari ya visiwani huandikwa kuanzia mwisho. Wageni huuliza tunaondoka saa ngapi. Swali langu la kwanza ni tutapita mlangoni saa ngapi wakati wa kurudi. Mlango ni ule upenyo kwenye mwamba ambamo maji yote ya ndani hutokea na kuingilia. Maji yakipwa hutoka nje kwa nguvu, na upepo wa mchana ukivuma kutoka baharini kuja nchi kavu, vitu hivyo viwili hukutana uso kwa uso. Mawimbi hapo huwa mafupi, yamesimama wima, na yanafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Boti ya mita 8 iliyojaa watu haina kazi mahali kama hapo.

Leo maji yamekupwa kabisa saa 11:00 alfajiri na yatajaa saa 5:10 asubuhi, tofauti ya mita 2.4. Ni mpangilio mzuri: tunatoka maji yakiwa madogo na mkondo hauna nguvu, tunatembea yakijaa, tunarudi kabla hayajageuka.

Saa 10:15 alfajiri

Naanza na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Maji yaliyokusanyika usiku chini ya sakafu yanasema mengi: yakiwa matamu ni mvua, yakiwa ya chumvi kuna mahali panapovuja, na boti haitoki hadi mahali hapo papatikane. Nayatoa maji hayo kwa mkono kwanza, kisha nawasha pampu kuhakikisha swichi yake ya kuelea inajiwasha yenyewe.

Mashine ni mbili, kila moja ya nguvu za farasi (HP) 40. Ukifungua moja hadi mwisho hunywa kama lita 15 kwa saa. Kwa mwendo wetu wa kilomita 26 kwa saa kila moja hunywa karibu lita 8. Njia yote ni kilomita 37, yaani kama lita 25. Kanuni ya mafuta ni theluthi moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya shida, kwa hiyo tangi halianzi siku likiwa chini ya lita 40. Natazama chujio linalotenga maji na petroli: maji hukaa chini, petroli juu, na mstari kati yao unaonekana wazi. Tangi lililoachwa nusu usiku kucha kwenye hewa yenye unyevu hutoa jasho kwa ndani, ndiyo maana nalijaza mara tu tukirudi wala si asubuhi. Mashine inayokohoa kisha kuzima katikati ya mlango mara nyingi imekunywa maji ya aina hiyo.

Zikiwaka, naangalia mrija mdogo wa maji ya kupoza kila mashine. Ukitoka mwembamba au ukikatika, kwa kawaida ni mfuko wa plastiki au mchanga kwenye tundu la kunyonyea. Mwisho nachomoa kamba ya usalama inayofungwa kwenye mguu wa nahodha. Lazima mashine izime papo hapo. Ndani ya sanduku kuna pangaboi la akiba, nati na pini zake. Pangaboi likigonga mwamba, mara nyingi kinachoharibika ni mpira wa ndani: mashine inanguruma, boti haisogei.

Saa 11:00

Majaketi okozi, maji ya kunywa lita 20 kwa watu kumi, sanduku la huduma ya kwanza, na chupa ya maji moto ambayo nitaieleza mbele. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, naijaribu na kuiacha chaneli 16, ya kuitia msaada. Majina ya abiria, njia tutakayopita na saa ya kurudi vinabaki nchi kavu kwa mtu mmoja anayejua la kufanya: ikifika saa 6:30 mchana hajasikia sauti yangu, apige simu kwa waokoaji. Asinisubiri zaidi kwa kudhani nimechelewa tu.

Saa 11:20

Wageni wanafika. Dawa ya kuzuia kichefuchefu imezwe kama saa moja kabla ya kupanda. Anayeimeza gatini ameshachelewa, na usingizi wake utamfika wakati wenzake wanaingia majini. Losheni ya jua nayo ipakwe nyumbani ili ikauke. Baadhi ya kemikali zake hudhuru matumbawe: Palau ilipiga marufuku losheni za aina hiyo kuanzia 2020, na Hawaii ikazuia uuzaji wa zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 2021. Yenye oksidi ya zinki ni afadhali, lakini shati la mikono mirefu linashinda zote.

Jaketi la mtoto nalijaribu kwa kuliinua mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litamwacha ateleze chini. Kisha kukaa. Omo, yaani mbele ya boti, ndipo kila mtu anapopataka, na omo ndipo boti inapopiga maji kwa nguvu kuliko kote. Uti wa mgongo wa mtu mzima unaweza kuumia kwa pigo moja tu. Wajawazito, wazee na wenye mgongo mbovu wanakaa nyuma, karibu na katikati. Hapo ndipo pia pazuri kwa anayelevywa na bahari, mradi moshi wa mashine haumjii na macho yake yako kwenye upeo wa bahari. Simu naomba iwekwe mfukoni.

Namsubiri anayechelewa dakika kumi. Zaidi ya hapo muda huo unachukuliwa kutoka kwa wenzake, kwa sababu saa ya mlango haisogei.

Saa 11:45

Tunang'oa nanga. Katika ukanda huu alfajiri ni fupi. Kutoka mwanga wa kwanza wa kuona sura ya mtu hadi jua kuchomoza ni dakika ishirini na kitu. Kisha linakuja tatizo ambalo wageni hawalijui: mlango wetu uko mashariki. Jua likiwa chini mbele yangu, maji yote yanakuwa kioo na mwamba hauonekani, hata kwa miwani ya kuzuia mng'ao. Mwamba husomwa jua likiwa juu na nyuma yako: buluu nzito ni kina, kijani ni mita chache, hudhurungi ni matumbawe karibu na uso wa maji, nyeupe ni mchanga. Asubuhi sina rangi hizo. Nafuata mstari wa GPS niliourekodi mwenyewe saa 6 mchana, maji yakiwa madogo, kila jiwe likionekana. Ramani ya simu pekee haitoshi, kwani vichwa vingi vya matumbawe havimo.

Upepo sasa hivi ni ule mwepesi unaotoka nchi kavu. Usiku ardhi hupoa kuliko bahari, hewa ikatelemka kuelekea majini. Ikifika saa 4 au 5 ardhi imeshapata moto, upepo unageuka na kuja kutoka baharini, na alasiri unaweza kufika kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Sababu ya kuamka mapema ni hiyo.

Saa 12:20 asubuhi

Fungu la mchanga. Liko kama mita moja juu ya maji yaliyokupwa, kwa hiyo muda wake unahesabika kwa kanuni ya kumi na mbili: katika saa sita za kujaa, maji hupanda sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1 za kumi na mbili. Kwa mita 2.4 hiyo ni sentimita 20 saa ya kwanza, 40 ya pili, 60 ya tatu, 60 ya nne. Kufika saa 1:40 fungu litakuwa limezama. Tunaondoka saa 1:10, kwa sababu dakika za mwisho maji huja kutoka pande zote na vitu vilivyowekwa chini huondoka navyo.

Anayetembea kwenye maji ya magoti aburute nyayo bila kuzinyanyua. Samaki aitwaye taa, mwenye mwiba wa sumu mkiani, hujifukia mchangani. Akiguswa ubavuni atakimbia, akikanyagwa mgongoni atachoma. Hapa ndipo chupa ya maji moto inapotumika: mguu uliochomwa unatumbukizwa kwenye maji ya moto unaovumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na maumivu hupungua sana. Joto lipimwe kwa mguu usiochomwa, kwani ule uliochomwa hauhisi vizuri. Kipande cha mwiba kikiwa kimezama ndani sana, au mtu akichomwa kifuani au tumboni, hakichomolewi. Tunarudi moja kwa moja.

Saa 1:30

Kisiwani. Nanga ya tezi, yaani ya nyuma ya boti, naiangusha mbali kidogo, naruhusu kamba, naingiza omo polepole hadi ufukweni, mashine zimeinuliwa nusu. Maji yakiwa yanajaa boti haiwezi kukwama, ila ufukwe unaikimbia: saa hii maji yanapanda sentimita moja kila dakika. Ukikaa dakika 45 bila kuisogeza, mgeni aliyeshukia magotini atapandia kiunoni na simu yake mfukoni. Msaidizi wangu anaivuta mbele kila dakika kumi.

Siku ya maji kupwa hesabu ni hiyo hiyo kwa upande mbaya: boti inayoelea ikiwa na sentimita 30 tu chini yake hukaa mchangani baada ya nusu saa, na haiondoki hadi maji yarudi. Siku hizo hatushuki ufukweni kwa omo. Boti inabaki kwenye kina na watu wanaletwa kwa kimashua.

Saa 2:40

Matumbawe. Jua limepanda vya kutosha kuleta rangi, na maji yanayojaa ni yale safi ya bahari kuu.

Kama kuna boya la kufungia, tunafunga hapo. Kama halipo, nanga inaanguka kwenye mchanga tu. Kina mita 4 na kimo cha omo juu ya maji mita 1 ni mita 5; maji yatapanda bado kama mita 1, ni 6; zidisha kwa 5, mita 30 za kamba na mnyororo. Ukibana kamba, nanga inavutwa kwenda juu badala ya kulazwa, inang'oka na kukokota. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na mengi hayafiki hapo. Mnyororo ukizunguka mara moja unafuta miaka mingi. Ghuba ya Maya Bay huko Thailand ilifungwa Juni 2018 kwa uharibifu wa watu na boti, na ilipofunguliwa Januari 2022 boti hazikuruhusiwa tena kuingia ndani ya ghuba.

Miwani ya kuzamia, inayofunika macho na pua, ijaribiwe bila mkanda: ibandike usoni, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Isipodondoka inakufaa. Inayovuja ikiwa imefaa mara nyingi ina nywele chini ya mpira, au mkanda umekazwa kupita kiasi hadi mpira umejikunja. Mwenye masharubu apake mafuta mazito ya kujipaka. Mapezi ya miguuni yavaliwe mwishoni, mtu akiwa ameketi ukingoni.

Tunaogelea kwanza kuukabili mkondo, ili uchovu ukija mkondo utulete botini. Nyuma ya boti inaelea kamba ya mita 25 yenye boya mwishoni. Wanaingia wawili wawili, msaidizi anakuwa nao majini, mimi siingii kamwe. Anayetazama samaki hulala kifudifudi kimya, na anayezama akiwa na mrija wa kupumulia naye hulala kifudifudi kimya. Ninachokitazama ni mapezi. Yakitulia sekunde kadhaa naita. Asipoinua mkono, msaidizi ameshaanza kwenda. Hatulishi samaki chochote. Wengi hapa kazi yao ni kula mwani unaofunika matumbawe, na mkate unawaachisha kazi hiyo.

Kupanda: nahesabu vichwa, msaidizi anahesabu upya bila kusikia idadi yangu, kisha tunaita majina kutoka orodhani na kila mtu anajibu mwenyewe. Januari 1998, kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef huko Australia, wazamiaji wawili Wamarekani, mke na mume, waliachwa baharini baada ya hesabu kukosewa. Iligundulika siku mbili baadaye kwamba hawakurudi, na hawakuonekana tena. Hesabu tatu zinachukua dakika mbili.

Saa 4:10

Naisogeza boti polepole hadi kamba isimame wima, ndipo nanga inainuka yenyewe. Ikigoma, mtu anashuka kuitazama. Kuivuta kwa mashine ni kuvunja mwamba au kuvunja boti.

Tangu saa 3 jicho langu moja liko mawinguni. Wingu linalorefuka juu ya kisiwa likiwa na kitako cheusi bapa, kisha upepo wa ubaridi wa ghafla, maana yake mvua ya upepo iko karibu, na kituo kinachofuata kinafutwa bila mjadala.

Saa 4:45

Mlango. Upepo umeshageuka, mawimbi yanatoka nyuma, maji bado yanaingia, kwa hiyo vyote vinaelekea upande mmoja na uso wa maji umelala. Nakaa mgongoni mwa wimbi na kwenda kwa mwendo wake. Ukilipita na kuteremka mbele yake, omo inachimba, tezi inanyanyuliwa na boti inageuzwa ubavu. Jua liko juu sasa, mwamba wote unaonekana, na wageni wanashangaa kuona tulipopita alfajiri. Saa 5:10 tuko gatini.

Saa 6:00 mchana

Mashine zinasafishwa kwa maji yasiyo na chumvi dakika 10 hadi 15, maana chumvi ikikauka ndani huziba njia za kupoza. Mirija inaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Majaketi yanakaushwa kivulini, kwa sababu jua hulegeza kitambaa na nyuzi. Petroli iliyotumika ni lita 24, tangi linajazwa.

Kesho maji yatajaa kama dakika 50 baadaye, karibu saa 6 mchana. Tutarudi saa ile ile yakiwa bado yanaingia. Nitakachopoteza ni kina cha kutokea, kwa kuwa alfajiri boti itakuwa imelala mchangani. Kwa hiyo leo jioni naihamishia kwenye kina. Baada ya wiki moja maji yatakuwa yanakupwa asubuhi nzima, na kwa siku hizo nne au tano fungu la mchanga linaondolewa kwenye ratiba, kwa kuwa saa tunayolifikia litakuwa bado limezama. Wageni waliojiandikisha tarehe hizo nawapigia simu leo.