Mwaka 1964 umetangulia 1856!

Leo nilikuwa napanga orodha ya matukio ya Zanzibar kwenye Excel, ya mpwa wangu ya shule.

Nikabofya kupanga kwa tarehe. Weee!

Uhuru wa 1963 na Mapinduzi ya 1964 juu kabisa. Chini yake mkataba wa kufunga soko la watumwa, 1873. Kisha Barghash anashika usultani, 1870. Halafu ndiyo Seyyid Said anafariki, 1856. Yaani mtoto katawala kabla baba hajafa 😂

Kumbe kwa Excel kalenda inaanza tarehe 1 Januari 1900. Ya nyuma ya hapo inayaona maandishi tu, basi inayapanga kwa siku ya mwezi: 05, 07, 19... Ukitazama vizuri hata yanajibana kushoto mwa seli, tarehe halisi ziko kulia.

Na hiyo 1900 yenyewe wameipa Februari 29, ambayo haikuwepo!

Nilichofanya: safu ya pembeni, kila mwaka nikauongezea 400. Kalenda yetu hujirudia kila miaka 400, hadi siku za wiki. Vita vya Zanzibar vya 27 Agosti 1896 nikaviandika 2296, ikanijibu: Alhamisi.

Alhamisi asubuhi! Nimekisoma kisa hicho tangu shule, vita vya dakika 38 hivi, sijawahi kukifikiria kama siku ya kazi, watu wanakwenda sokoni.

Wenzangu wa nyaraka za kale, nyinyi mnatumia mbinu gani? Na za Hijria je?